Nilihama Kazi, Deni Likavuka Mpaka

Ijumaa ile niliamka saa kumi na moja alfajiri nikaishika simu kabla ya kuwasha taa. Ukilipwa kila baada ya wiki mbili ndivyo unavyozoea: kwanza unaangalia benki, ndipo unanawa uso. Nilikuwa nategemea dola 1,044. Zilikuwa zimeingia 759.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, upande wa Missouri wa Kansas City, na nyumbani kwangu kulikuwa upande wa Kansas. Kwa asiyeujua mji huu, ni mji mmoja uliopasuliwa na mpaka wa majimbo mawili. Kuna sehemu ambapo mpaka wenyewe ni barabara tu, State Line Road: ukielekea kaskazini, nyumba za kulia kwako ni za Missouri na za kushoto ni za Kansas. Tunavuka asubuhi kwenda kazini, tunavuka jioni kurudi kwa watoto, na hakuna anayekuuliza kitambulisho. Miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba upande ninaolala una uhusiano wowote na hela ninayopokea.

Zamu ilipoisha nilipita ofisi ya mishahara. Mama wa pale akafungua kabati, akatoa faili, akanionyesha karatasi za mahakama ya Jackson County, Missouri: amri ya kukata mshahara wangu kwa ajili ya deni. Jina langu lilikuwa limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, jambo ambalo katika nchi hii hata hospitali hawaliwezi. Akaniambia kwa upole kwamba yeye hana hiari. Amri ile haikuandikiwa mimi, imeandikiwa kampuni, na kampuni isipokata italipa yenyewe.

Deni lilikuwa la gari. Nilipofika Missouri nilikopa gari kwa riba ya asilimia 19, maana sikuwa na historia yoyote ya mkopo. Mwaka wa pili zamu zikapungua, nikachelewesha miezi mitatu, wakaja usiku wakalikokota. Nikasema basi, gari limekwenda na deni limekwenda nalo. Wengi wetu tunaamini hivyo, na ni kosa kubwa. Gari linauzwa mnadani kwa bei ya mnadani, kisha pengo kati ya bei hiyo na mkopo wako, pamoja na gharama za kulikokota na kulihifadhi, linabaki shingoni mwako. Langu lilikuwa dola 4,300.

Samansi iliachwa kwa kijana tuliyekuwa tukiishi naye katika nyumba niliyokuwa nahama. Akaiweka juu ya friji pamoja na vipeperushi vya piza, akasahau. Tarehe ya kesi ikapita, hukumu ya upande mmoja ikatoka. Missouri inakuruhusu kuomba hukumu ya namna hiyo itenguliwe ukiwa na sababu ya msingi na utetezi wa maana, lakini uwe hujapitisha mwaka mmoja. Mimi niligundua baada ya miezi kumi na minne. Njia nyingine ilikuwa kuthibitisha kwamba samansi haikunifikia kihalali, ila mwezi ule nilikuwa bado nalala nyumba ile siku tatu kwa wiki, na nisingeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba sikukaa pale. Riba nayo ilikuwa ikitembea. Siku amri inafika kazini, deni lilishapita dola 5,200.

Nataka nieleze hesabu yenyewe, kwa sababu nilikaa miezi sijaielewa.

Sheria ya taifa kuhusu kukata mshahara kwa deni ilipitishwa mwaka 1968 na kuanza kutumika mwaka 1970. Kwa madeni ya kawaida, yaani kadi za benki, hospitali, magari na mikopo ya watu binafsi, haiwezekani kukatwa zaidi ya robo ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima. Makato ya lazima ni kodi ya taifa, ya jimbo na ya mji, pamoja na Social Security, yaani pensheni ya taifa, na Medicare, bima ya afya ya wazee. Bima ya afya uliyojiandikisha mwenyewe haimo, wala akiba ya uzeeni. Hapo ndipo nilipoumia bila kujua. Kwa wiki mbili nilikuwa nachuma dola 1,360. Ukitoa kodi zote, ikiwemo asilimia moja ambayo mji wa Kansas City, Missouri unamtoza hata mtu anayelala jimbo lingine, zilibaki 1,140. Robo yake ni 285. Bima ya afya ya familia, dola 96, ikatoka baada ya hapo. Mimi nilikuwa nadhani robo itapigwa kwenye kile ninachokiona benki.

Kuna na sakafu. Ikiwa kinachobaki baada ya kodi ni dola 217.50 kwa wiki au chini yake, mdai wa kawaida hapati hata senti, na ukizidi kidogo anachukua ile ziada tu. Kiasi hicho ni kima cha chini cha taifa mara thelathini. Kima hicho ni dola 7.25 kwa saa na hakijaguswa tangu Julai 2009. Missouri yenyewe imeshafika dola 15, lakini hesabu ya sakafu bado inashika ile 7.25. Linaniudhi sana jambo hili. Mtu wa saa thelathini kwa wiki mwaka 2009, akilipwa kima cha chini, hakuguswa. Leo mtu huyohuyo, kwa saa zilezile na kima cha jimbo lake, anakatwa robo kamili, na kodi ya nyumba imepanda mbele ya macho yake.

Hata hivyo, kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika majimbo kadhaa mdai aliweza kuufunga mshahara wako kabla hakimu hajakusikiliza. Aliyelipinga hilo mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ni mama mmoja wa Wisconsin, Christine Sniadach. Deni lilikuwa la dola 420, na mshahara uliokuwa mkononi mwa mwajiri wake ulikuwa dola 63.18. Mwaka 1969 mahakama ikasema mshahara ni mali ya namna ya pekee, na huwezi kumnyima mtu bila kumpa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Nilipoisoma ile 63.18 nilinyamaza kidogo. Alipigania hela ya siku chache, nasi sote tunapita katika mlango aliouacha wazi.

Mwezi wa pili wa makato yangu, dada mmoja wa Bukavu tuliyekuwa tunafanya naye zamu ya usiku alinifuata kwenye chumba cha kupumzikia. Ni mjane, ana watoto wanne, anakaa mtaa wa Northeast, upande wa Missouri. Alitoa kwenye mkoba karatasi ya mshahara iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza na kuweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Kaka, hii makuta banakata ni ya nini?"

Makuta kwa Kiswahili cha kwao ni hela. Ilikuwa 285. Tulikuwa na mshahara mmoja, saa sawa, na makato yaleyale. Lake lilikuwa bili ya hospitali, na lilikuwa na miezi mitatu tayari. Hakuwa amemuuliza mtu. Alidhani ni kodi mpya.

Nilikuwa na nakala ya karatasi zangu kwenye gari. Tukasoma pamoja, mstari kwa mstari, mpaka saa ya kurudi wodini. Ndipo tukaona maneno ambayo wote wawili tulikuwa tumeyaruka: katika Missouri, mdaiwa ambaye ni mkuu wa familia hukatwa asilimia kumi tu. Haiji yenyewe lakini. Lazima uidai. Siku yake ya mapumziko alikwenda ofisi ya msaada wa kisheria na vyeti vya watoto, akajaziwa fomu, na baada ya malipo mawili ile 285 ikawa 114. Alinionyesha karatasi mpya kwenye meza ileile, mara hii haikuwa imekunjwa. Dola 171 kila wiki mbili. Zile za miezi iliyotangulia hazikurudi.

Nami nikaenda na vyeti vya wanangu. Wakili akanisomea sheria kwa sauti: mkuu wa familia, *na awe mkazi wa jimbo hili*. Mimi nilikuwa mkazi wa Kansas. Ninafanya kazi Missouri, nalipa kodi Missouri, amri ni ya Missouri, mwajiri yuko Missouri, ila kitanda changu kiko dakika kumi magharibi ya mstari. Nikabaki na robo yangu. Kabla hujasaini mkataba wa nyumba katika mji wa mpakani, hili ni jambo la kuuliza, na sijamwona mtu anayelitaja pale tunapopokea wageni kutoka uwanja wa ndege.

Wenzangu wakanipa ushauri ambao hutolewa kwenye kila harusi na kila msiba hapa mjini: "Hama kazi, itakufa yenyewe."

Nikahama. Nilipata kazi ya ghala upande wa Kansas, mshahara mzuri zaidi. Malipo yangu ya mwisho kule kwa wazee yalikatwa pia, pamoja na siku za likizo nilizokuwa nadai, maana hela yoyote ya jasho inahesabika. Baada ya hapo kimya. Wiki mbili, mwezi, miezi mitatu, mshahara kamili. Nikaamini wenzangu walisema kweli.

Kweli yao ilikuwa nusu. Amri ya kukata mshahara imesimama juu ya mambo mawili: wewe unadaiwa na mdai, na mwajiri anadaiwa na wewe mshahara wa kazi uliyokwisha kufanya. Mahakama inaunganisha nyuzi hizo mbili, inamwambia mwajiri: ile hela unayodaiwa na huyu, sehemu yake mpe yule. Ukiacha kazi, uzi wa pili umekatika, mwajiri hana chako tena, na amri yake inabaki faili tupu kabatini. Kwa deni la kawaida haimfuati mwajiri mpya. Mdai lazima amtafute, aombe amri nyingine, aifikishe upya. Wala hulazimiki kumtangazia bosi mpya habari hizo kwenye usaili. Uzi wa kwanza lakini, ule wa hukumu, umefungwa kwako wewe. Missouri hukumu inaishi miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Riba ya kawaida juu yake ni asilimia 9 kwa mwaka, au ya mkataba kama ni kubwa zaidi. Yangu ilikuwa ya mkataba. Katika miezi minane ya kimya niliyoifurahia, deni lililobaki liliongezeka kwa zaidi ya dola 350.

Ile miezi minane ndiyo ninayoijutia kuliko gari. Nilikuwa na mshahara kamili mkononi, na wakili wa mdai upande wa pili hajui niliko. Hapo ndipo mtu ana nguvu ya kupiga simu na kusema: nina kiasi hiki, tufunge, nipe kwa maandishi. Mimi nilinunua televisheni.

Halafu ikaja barua, safari hii kwenye anwani yangu mwenyewe, kutoka mahakama ya Wyandotte County, Kansas. Hukumu ya Missouri ilikuwa imesajiliwa Kansas kama "hukumu ya kigeni". Nilicheka neno hilo kwa uchungu, maana ugeni wake ni daraja moja. Katiba ya Marekani inalazimisha kila jimbo kuheshimu hukumu za majimbo mengine, na kwa kuwa majimbo karibu yote yana sheria ya usajili inayofanana, hakuna kesi mpya wala shahidi. Mdai anapeleka nakala iliyothibitishwa, analipa ada, unapewa taarifa, na kuanzia hapo hukumu ile ni kama imetolewa na hakimu wa mtaani kwako. Ukitaka kubishana kama deni ni halali, kwa kawaida umechelewa. Kinachobaki kusikilizwa ni mambo kama mahakama ile ya kwanza kukosa mamlaka juu yako, au deni kuwa limeshalipwa.

Baadaye nikaitwa kueleza chini ya kiapo ninafanya kazi wapi na nina nini. Kansas wana kikao maalumu cha kazi hiyo, na usipotokea hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata. Watu wetu wakisikia mtu "amefungwa kwa deni" Marekani, mara nyingi ni hapo: hakufungwa kwa deni, alifungwa kwa kutokwenda kuitika. Nilikwenda. Nikajibu. Wiki chache baadaye, ofisi ya mishahara ya ghala ikaniita.

Sasa nilikuwa mfanyakazi wa Kansas, mkazi wa Kansas, chini ya amri ya Kansas. Jimbo hili halina ile asilimia kumi ya mkuu wa familia, robo ni robo. Lina huruma nyingine niliyoijua kwa kuchelewa: ukishindwa kufanya kazi yako kwa zaidi ya wiki mbili kwa sababu ya ugonjwa wako au wa mtu wa familia yako, unaweza kuapa hati ya kiapo, na makato yanasimama mpaka ipite miezi miwili baada ya kupona. Mke wangu alipofanyiwa upasuaji nilikaa nyumbani wiki tatu kumuuguza. Niliporudi walikata kama kawaida, nami nikaona ndivyo ilivyo.

Matunzo ya watoto ni habari tofauti kabisa, na hapa nawaomba akina baba wenzangu msichanganye. Amri ile haisubiri kutafutana. Tangu sheria ya mwaka 1996 kila mwajiri Marekani lazima aripoti mfanyakazi mpya ndani ya siku 20, na orodha ya taifa inafananishwa na orodha ya wanaodaiwa matunzo. Nina rafiki dereva wa malori aliyehama Ohio kwenda Tennessee, na amri ilikuwa mezani kwa bosi mpya kabla hajamaliza mwezi. Jimbo moja linaweza kuituma moja kwa moja kwa mwajiri wa jimbo jingine, bila kupitia mahakama ya huko. Kiasi cha juu cha kukata kinafuata sheria ya jimbo ambako hasa ndiko unakofanyia kazi, ndani ya mipaka ya taifa: asilimia 50 ikiwa una mke au mtoto mwingine unayemtunza, 60 ikiwa huna, na 5 za ziada kama limbikizo limepita wiki 12. Na ikikutana na deni la gari, matunzo kwa kawaida ndiyo hutangulia. Kama mshahara umeshuka, rudi kwenye mahakama iliyotoa amri uombe ipunguzwe mara moja, kwa sababu limbikizo la nyuma halifutwi.

Mikopo ya masomo ya serikali nayo haihitaji hakimu, inaweza kuchukua mpaka asilimia 15. Ila kuna kipengele ambacho kila aliyepunguzwa kazi angepaswa kukijua: ukiachishwa kazi si kwa hiari yako, hawaruhusiwi kukukata mpaka ukae kazi mpya miezi 12 mfululizo. Nacho kinadaiwa kwa kuandika, ukijibu ile taarifa wanayoituma siku 30 kabla.

Halafu kuna Texas. Kila anayekatwa mshahara hapa ana mtu wa kumwambia ahamie Houston. Ni kweli katiba ya Texas inakataza mshahara kukamatwa kwa deni la kawaida, isipokuwa matunzo ya watoto na ya mwenzi wa ndoa, na amri za serikali ya taifa kama kodi nazo hazizuiwi. North Carolina, South Carolina na Pennsylvania nazo zina katazo kubwa. Lakini hukumu inasajilika kulekule, na hela ikishaingia benki si mshahara tena, ni akaunti, na akaunti inafungwa. Nimemwona mtu ameamka na sifuri huko, aliyekuwa amehama na familia nzima kwa ajili ya ushauri huo. Tena kampuni kubwa yenye matawi kila jimbo inaweza kufikishiwa hati kwingi, na mahakama za majimbo hazina msimamo mmoja kuhusu mshahara uliochumwa nje ya jimbo. Mwaka 1905 Mahakama Kuu iliamua shauri la Harris, mtu wa North Carolina, aliyekuwa anadaiwa dola 180 na Balk. Alisafiri mpaka Baltimore kununua bidhaa, na huko mdai wa Balk akamkamata na hati: zile 180 nipe mimi. Mahakama ikakubali, ikasema deni linatembea na anayedaiwa popote aendapo. Mwaka 1977 msingi huo ulibomolewa, sasa mahakama lazima iwe na uhusiano wa kutosha na mtu inayemgusa. Lakini nikiwa ghalani, nikikumbuka daraja nililovuka kwa furaha, niliona nimelitembeza langu vilevile.

Kitu kimoja kilinipa usingizi katika kipindi chote hicho. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu mshahara wako unakatwa kwa deni moja, hata amri zikija mara ngapi kwa deni hilohilo. Akivunja kwa makusudi, adhabu yake ni faini mpaka dola 1,000 au kifungo mpaka mwaka mmoja. Kwa deni la pili ulinzi huo wa taifa unaisha. Kwa hiyo bili ya hospitali iliyofika wakati ule niliipangia malipo ya dola 40 kwa mwezi siku ileile, kabla haijawa kesi.

Makato ya Kansas yalikwenda malipo kumi na moja, kama dola 310 kila mara. La kumi na moja lilikuwa dogo. Nilimpigia wakili wa mdai nikamwomba aandikishe mahakamani kwamba hukumu imelipwa, pande zote mbili. Kansas iliandikishwa upesi. Missouri haikuonekana kwenye rejista, wiki ya kwanza, wiki ya pili, ya tatu. Nikaomba ruhusa kazini, nikavuka mpaka Jackson County na karatasi zote za mshahara ndani ya bahasha, nikasimama kwenye foleni ya karani. Alipekua kompyuta, akapiga simu, akaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu nikarudi. Akanipa nakala yenye muhuri, dola chache za ada, na akaniuliza kama nahitaji moja tu.

Nikachukua mbili. Moja iko kwenye faili la vyeti vya watoto. Nyingine nilimpelekea yule dada wa Bukavu, aione ilivyo, ajue ya kudai zamu yake itakapofika.